Aliyemrudishia Tumpe Ulimi

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura kusemezana na fisi, ni zamani ya juzijuzi tu ambayo waliokuwamo bado wanakula na kunywa, palikuwa na mama mmoja jina lake Subilaga. Alikaa upande wa Tukuyu, huko ambako mvua haingoji kualikwa. Alikuwa na shamba la migomba, alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na alikuwa na binti mmoja aliyeitwa Tumpe. Baba yake Tumpe alifariki mtoto akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Nisikilizeni vizuri, maana mwisho wa hadithi hii nitawauliza neno, na asiyekuwa makini ataona haya.

Tumpe alikuwa na kigugumizi. Neno lilifika mlangoni likasita, likabisha, likabisha tena, ndipo likatoka. Nyumbani kigugumizi hicho hakikumsumbua mtu. Mama yake alimngoja kama mtu anavyongoja maziwa yachemke, bila kuyapigia kelele. Neno likitoka limetoka, wanaendelea na mazungumzo yao.

Mambo yaliharibikia shuleni. Siku moja, Tumpe akiwa darasa la nne, mwalimu alimsimamisha asome kwa sauti. Kitabuni palikuwa na neno "tumbili". Tumpe akasema, "Tu-tu-tu," na neno likakwama. Nyuma ya darasa alikaa kijana mmoja mkubwa wa mwili, Gwakisa, mwana wa Ambokile seremala. Gwakisa akaitikia kwa sauti ya mtu anayeita kuku, "Tu-tu-tu, njooni mle."

Darasa zima likacheka.

Tangu siku hiyo Tumpe hakuwa Tumpe tena. Aliitwa Kuku. Akipita uwanjani, tu-tu-tu. Akienda bombani kuchota maji, tu-tu-tu. Akifungua mdomo hata kabla hajasema kitu, tu-tu-tu. Gwakisa hakumpiga mtu, msimsingizie. Alikuwa na ulimi tu, na ulimi ulimtosha.

Basi Tumpe akaanza kuyabana maneno. Kwanza aliacha kujibu darasani. Kisha akaacha kusalimia njiani. Mwisho akaacha kusema hata nyumbani. Mama akiuliza, "Umeshiba?" anatikisa kichwa. Mama akiuliza, "Unaumwa?" anatikisa kichwa. Asubuhi anavaa sare, anabeba mfuko wake, anaondoka. Jioni anarudi. Subilaga akasema moyoni, angalau anasoma.

Siku moja Subilaga alikwenda kukata majani ya ng'ombe mbali kidogo, kule bondeni. Akasikia kitu kikisogea kwenye migomba. Akatenganisha majani, akamwona Tumpe ameketi juu ya jani la mgomba, sare safi, viatu safi, kitabu mapajani. Jua lilikuwa utosini. Hapo palikuwa pamelalika, majani yamebonyea, ikaonekana si siku ya kwanza.

Subilaga hakumpiga. Aliweka mundu chini, akaketi kando yake.

"Mwanangu, nani kakufanya hivi?"

Tumpe akafungua mdomo. Midomo ikacheza, shingo ikakaza, sauti isitoke. Akafumba. Jioni Subilaga akawauliza watoto wa jirani, wakamweleza habari ya Gwakisa.

Kesho yake alikwenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Nsajigwa. Mwalimu alimkaribisha kiti, akamsikiliza, akasema, "Mama Tumpe, watoto ni watoto. Leo wanataniana, kesho wanacheza pamoja. Wewe mkaze binti yako asiwe laini."

Akatoka hapo akaenda kwa Ambokile seremala. Alimkuta akipiga randa, maranda yamemfika vifundoni. Ambokile hakuacha kazi. "Mama Tumpe, utani hauui mtu. Mimi nilitaniwa nikiwa mdogo kuliko huyo, na niko hapa."

Subilaga akarudi nyumbani na kile alichoondoka nacho.

Jumapili ile, watu walipotoka kanisani na kusimama vikundi vikundi wakiulizana habari, Subilaga alipanda kwenye ngazi za mlango akasema, "Ndugu zangu, naomba mnisikie. Mnajua ng'ombe wangu kazaa. Ndama ni jike, na huyo ndiye niliyemtegemea anisomeshee Tumpe sekondari. Lakini nitamsomeshaje mtoto asiyesema? Basi nasema mbele yenu. Atakayemrudishia mwanangu ulimi wake, ndama ni wake. Awe mkubwa, awe mdogo, awe wa hapa, awe wa mbali."

Katika nchi ile ng'ombe hatamkwi ovyo. Ukimtaja mbele ya watu, ameshatoka zizini.

Zikapita siku. Ndipo akaja mgeni shuleni, dada mmoja aitwaye Lugano. Alikuja kwa pikipiki, amebeba mfuko wa picha kubwa zilizochorwa kwa mkono. Kazi yake ilikuwa kuzunguka shule kwa shule akizungumza na watoto juu ya uonevu. Habari ya ndama hakuwa ameisikia. Habari ya Tumpe hakuwa ameisikia. Na shikeni hili: siku hiyo Tumpe mwenyewe hakuwapo. Alikuwa migombani.

Lugano alisimama mbele ya shule nzima. Akaonyesha picha zake. Akasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kuacha shule kwa sababu ya jina alilobandikwa. Kisha akasema hivi:

"Mnadhani mwonevu ana nguvu. Mchukueni, mwacheni peke yake uwanjani amwige mwenzake, pasiwe na mtu wa kucheka. Atachoka kabla ya kengele. Moto unahitaji kuni. Anayecheka ndiye anayeleta kuni. Anayetazama akanyamaza, naye anaota moto huohuo. Na wewe unayewaka, jiulize, ni nani aliyekuwasha?"

Watoto wakapiga makofi. Lugano akala ndizi na walimu, akafunga mfuko wake, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Wiki ile mambo yakawa mabaya zaidi. Watoto walikuwa wamepata neno jipya la kutukanana. Huyu akimkwaza yule anaambiwa, "Mleta kuni wewe." Mwalimu mmoja akasema ofisini kwamba bora yule dada asingekuja, kabla yake watoto walikuwa na matusi machache.

Lakini darasani kwa Tumpe alikuwamo msichana aitwaye Sekela. Huyu alikaa dawati moja na Tumpe, na mwaka mzima alikuwa akicheka pamoja na wenzake. Hakucheka kwa kuona raha. Alicheka kwa sababu asiyecheka ndiye anayefuata kuchekwa. Siku ya pili baada ya mgeni kuondoka, Gwakisa aligeukia ile nafasi tupu ya dawati, akaita kuku wake. Darasa likacheka. Sekela akatazama ubao.

"Sekela," Gwakisa akamwuliza, "leo huna meno?"

"Ninayo," Sekela akasema. "Nimecheka mwaka mzima. Sicheki tena."

Ndivyo naye alivyopata jina. Aliitwa Kifaranga. Wakamfichia mfuko. Wakamwimbia njiani. Siku ya mvua wakamsukuma kwenye mteremko wa mfereji, akaangukia mkono, kifundo kikavimba kama kiazi. Mama yake akamkanda kwa maji ya moto, akamfunga kitambaa, akamwambia, "Mwanangu, cheka tu kama wenzako, yaishe." Sekela hakucheka.

Badala yake kila asubuhi alipitia bondeni. Aliketi karibu na Tumpe na kumwambia, "Sijaja kukusemesha. Nimekuja tukae." Wakakaa. Siku nyingine wakakaa. Siku nyingine tena Sekela akasema, "Leo twende wote. Ukichoka, turudi wote." Tumpe akasimama, akapangusa sare yake, wakaenda.

Subilaga alipoambiwa alishika mikono yote miwili ya Sekela, ule mzima na ule uliofungwa. Akafikiri ndama amepata mwenyewe. Lakini Tumpe aliketi darasani kimya, akarudi nyumbani kimya. Miguu ilikuwa imerudi shuleni. Ulimi haukurudi. Subilaga akamwacha ndama zizini.

Sasa twende nyumbani kwa Ambokile seremala. Ambokile alikuwa na mke, alikuwa na Gwakisa, na alikuwa na kitinda mimba wa darasa la kwanza, Atupele. Gwakisa alikuwa amerudia darasa, na tangu alipolirudia baba yake alimwita Gogo. Gogo, lete maji. Gogo, sogeza mguu. Siku moja wakiwa mezani Gwakisa akamwaga mchuzi. Ambokile akasema, kama alivyozoea, "Mbao ina faida, hata pumba za mbao zina faida. Gogo hili nitalifanyia nini?"

Atupele alikuwa akimenya ndizi yake. Akauliza, bila ubaya wowote, "Baba, mgeni wa shule alisema kila anayewaka kuna aliyemwasha. Kaka anawawasha watoto wote. Yeye anawashwa na nani?"

Mama yao akatazama bakuli. Gwakisa akatazama chini. Ambokile alitaka kukasirika, tonge liko njiani kwenda mdomoni. Akalirudisha sahanini. Akanawa, akatoka, akaingia karakana yake, akakaa bila kushika chombo. Mbele yake palikuwa pale aliposimama Mama Tumpe siku ile, na yeye hakuacha randa.

Kesho yake alimwita mwanawe pale pale penye maranda.

"Gwakisa."

Kijana alishtuka kusikia jina lake.

"Baba yangu naye aliniita hivyohivyo. Sikumwambia mtu kwamba iliniuma. Niliona nikisema itakuwa kweli. Mimi sitakuita hivyo tena."

Hakusema zaidi. Hakumwambia nenda kwa Tumpe. Hakumwambia omba msamaha. Akamkabidhi msasa, wakafanya kazi mpaka mbao ikawa laini.

Jumatatu iliyofuata Subilaga alikuwa amepeleka maziwa ya chai ya walimu. Alikuwa amesimama penye kona ya ofisi, kidumu mkononi, watoto wako mstarini. Akamwona Gwakisa akitoka kwenye safu, akamwendea Mwalimu Nsajigwa, akamnong'oneza. Mwalimu akamwangalia, akamwachia nafasi.

Gwakisa akasema, "Mimi ndiye niliyemfunga Tumpe mdomo. Nilifanya hivyo kwa sababu nilijua wakimcheka yeye, hawatanicheka mimi kwa kurudia darasa. Tumpe, naomba..."

Hapo sauti ikamkatika. Machozi yakamtoka, kijana mkubwa kama yule, mbele ya shule nzima.

Nyuma ya mistari mtu akaita kuku. "Tu-tu-tu, jogoo analia." Wakacheka. Wakacheka walewale. Mlango wa uwanja ulikuwa wazi, Gwakisa angeweza kukimbia. Hakukimbia. Alisimama akichekwa, mikono ubavuni. Mwalimu akainua mkono awanyamazishe, lakini kabla hajasema kitu ikatoka sauti katikati ya safu ya wasichana, sauti nyembamba, kavu, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Mwa... mwa-mwa... mwacheni."

Vichwa vikageuka.

"A-a-anaongea," Tumpe akasema. "Mwa-mwacheni amalize."

Na ile shule iliyozoea kumkatiza ikangoja mpaka akafika mwisho. Hakuna aliyeita kuku. Gwakisa akafuta uso, akamaliza alichokuwa akisema. Subilaga penye kona ya ofisi aliweka kidumu chini asikie vizuri.

Kigugumizi cha Tumpe hakikwenda popote, mpaka leo anacho. Kilichokwenda ni hofu. Jioni ile alimweleza mama yake habari za siku nzima, polepole, na Subilaga akasahau kumkamua ng'ombe hadi ng'ombe mwenyewe akadai.

Maneno ya Lugano nayo yakatembea kuliko Lugano. Yalitoka shuleni vinywani mwa watoto, yakaingia majikoni. Bombani mama mmoja alianza kumsema mkwe wake ambaye hakuwapo, mwenzake akamwambia, "Shoga, hizo kuni mimi sibebi," na mazungumzo yakageuka yakawa ya bei ya viazi. Mwalimu Nsajigwa, aliyekuwa na jina la kebehi kwa kila mwanafunzi mzito, akaanza kuwaita watoto kwa majina yao, na majina mengine ilibidi aulize.

Subilaga akaweka siku ya kumtoa ndama, nayo ikafika. Watu walijaa uani kwa Subilaga, wengine mpaka penye migomba. Lugano alikuwa shule ya jirani, wakamfuata, akaja. Subilaga akamtoa ndama, akashika kamba, akasema, "Nilitamka, na nilitamka mbele yenu. Nisaidieni."

Mwalimu Nsajigwa alisimama wa kwanza. "Mama Tumpe, ulipokuja kwangu nilikwambia watoto ni watoto. Nilikosea. Alikuja huyu dada akawaambia watoto lile ambalo mimi, mwalimu wao, sikuwahi kuwaambia. Sekela alilipata kwake. Atupele alilipata kwake. Ondoa hotuba ya dada huyu, ondoa na yote yaliyofuata. Mpe aliyepanda mbegu."

Lugano akasema, "Mama, mimi Tumpe sikumwona, wala yeye hakunisikia. Maneno hayo nimeyasema shule nyingi. Kwingine yalipiga kama mvua kwenye bati, kelele tele, na hakuna kilichoota. Ila sitakudanganya kwamba nisipopewa sitajali. Nasema, naondoka, mara nyingi sijui kama kuna kilichobaki. Nisingekuja, nani angekuja?"

Mama yake Sekela akasimama. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Maneno ni mazuri, dada, nashukuru. Lakini maneno hayavimbi kifundo. Wewe ulisema ukapanda pikipiki. Mwanangu alibaki nayo hapa, akaitwa Kifaranga, akasukumwa mferejini, na mimi mama yake nikamwambia acha. Hakuacha. Shule nzima ilisikia hotuba, na aliyekwenda migombani ni mmoja."

"Naye alicheka mwaka mzima," mtu akasema kutoka nyuma.

"Nilicheka," Sekela akajibu. "Ni kweli."

Ambokile akasimama, akakaa, akasimama tena. "Ninaona haya kusimama hapa. Lakini baba asipomsemea mwanawe, nani atamsemea? Sekela aliirudisha miguu, nampa heshima yake. Fundo la ulimi hakulifungua. Fundo alilifunga Gwakisa, na Gwakisa ndiye aliyelilegeza, mchana kweupe, mbele za watu, mimi sikumtuma."

Bibi mmoja wa kanisani akasema, "Baba Gwakisa, mwizi akirudisha mbuzi, apewe na ng'ombe?"

"Mama yangu," Ambokile akasema, "mwizi anayerudisha mbuzi bila kushikwa, akasimama achekwe, umeshamwona wangapi?"

Bibi akainua mkono ahesabu vidoleni, akaushusha.

Mkewe Ambokile, aliyekuwa amempakata Atupele, akasema taratibu kwamba kama wanatafuta aliyelegeza fundo, na wamtazame basi huyu mdogo aliyemwuliza baba yake swali. Watu wakatabasamu, lakini wengine hawakutabasamu, walikuwa wakiwaza.

Ndipo Gwakisa mwenyewe akasema, "Baba, nisamehe kukupinga mbele za watu. Mimi niliomba msamaha tu. Tumpe angeweza kuninyamazia. Nilikuwa nachekwa, naye alikuwa na haki ya kucheka kuliko wote. Aliyefungua mdomo ni yeye."

Watu wakaguna. Mmoja akasema haiwezekani, mama kumpa mwanawe ndama wake mwenyewe si kutoa, ni kuhamisha kamba kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na ahadi itakuwa imegeuka mchezo. Mwingine akajibu kwamba ahadi haikumtoa mtu. Ilisema awe mkubwa, awe mdogo.

Wote wakamgeukia Tumpe. Wakamngoja.

"Mi-mi-mimi ndama sitaki," Tumpe akasema. "Wa-wape hawa. Wote wa-wamenitendea jambo. La-lakini msiseme nilifunguliwa, ka-kama mlango. Ni-nilisema mwenyewe."

Akaketi.

Subilaga alisimama na kamba yake. Alikuwa amedhani siku hii itakuwa nyepesi, atoe mkono, aseme ndaga, asante, watu wale ndizi waende. Alimtazama Lugano, ambaye asingekuja kusingekuwa na chochote. Alimtazama Sekela, ambaye kifundo chake bado kilikuwa kinene upande mmoja. Alimtazama Gwakisa, akaona ndani ya moyo wake bado kuna kipande ambacho hakijamsamehe, akajiuliza kama kipande hicho kina haki ya kuamua. Akamtazama mwanawe. Ndama ni mmoja, na ukimgawanya amekuwa nyama. Zizini mama wa ndama aliita, ndama akavuta kamba, na Subilaga akachukua hatua ya kwanza kuelekea kwa mmoja wao.

Mimi hapo nanyamaza, kamba naitia mikononi mwenu. Yupo aliyeleta neno akaliacha liende. Yupo aliyelibeba neno hilo akaumia nalo. Yupo aliyefunga, kisha akarudi kufungua na kukubali kuchekwa. Yupo aliyefumbua kinywa chake mwenyewe, na neno lake la kwanza akampa aliyemnyamazisha. Tena wapo wanaosema msimsahau mtoto na ndizi yake.

Ninyi mlioketi hapa, semeni, na kila mmoja atoe sababu yake: je, ndama alistahili kupewa nani?